Mume Mdogo wa Wakonyo

Gatimu alikuwa anakimbilia miaka mitatu na hajasema hata "maa". Mama yake, Watiri, hakuwa akitulia. Akipalilia viazi, sikio liko kwa mtoto. Akikoroga uji, sikio liko kwa mtoto. Ngatia wa jirani, aliyezaliwa naye msimu mmoja, alikuwa tayari anatukana mbuzi wa watu, na Watiri, Mungu amsamehe, aliyaonea wivu hata matusi hayo. Subira huvuta heri, wanasema. Ya Watiri ilivuta kamasi tu.

Wa kulaumiwa alimjua: mama mkwe wake, Wakonyo. Kwa Wagikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa babake, na nyanya humwita "mume wangu". Ni utani wa kawaida, watu hucheka. Wakonyo hakucheka. Mumewe alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa hali ya hatari, na hata uhuru ulipokuja hakuna aliyemwonyesha kaburi. Sasa jina limerudi, naye akaamini mwenyewe karudi. Kila asubuhi alimpakata mtoto na kumwuliza: "Mzee wangu, walikulaza wapi?"

"Mama, mfundishe maneno ya watoto," Watiri alimsihi. "Mwambie kuku, mwambie maziwa."

"Ati nimfundishe mzee? Atasema akiwa tayari."

Lo! Watiri alichoka. Nani hangeogopa kufungua mdomo, ikiwa anangojewa aseme habari za maiti? Siku ya soko la Chaka, wakati majirani wako njiani na magunia yao, alitia nguo zake na za mtoto ndani ya kiondo. Angemfuata mumewe Nanyuki alikofanya kazi, kwenye chumba kimoja au nusu chumba, liwalo na liwe.

Wakonyo aliwakuta mlangoni, akajua. Hakugomba. Alipiga magoti kwenye ile baridi, akamshika mtoto mabega.

"Gatimu, unaondoka tena. Nimekungoja sana. Nionyeshe mahali tu, nikaweke jiwe. Niambie, mume wangu."

Mtoto alimkazia macho. Midomo ikachezacheza.

"Cucu," mtoto akasema.

Nyanya. Wazi kabisa, vile watoto wote wa kijiji walivyomwita.

Wakonyo aliyaachia yale mabega. "Kumbe ni mjukuu," akasema polepole. "Ni mjukuu tu." Akaketi palepale chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kumlilia mumewe hata siku moja, maana mtu anayerudi haliliwi.

Mtoto naye, utamu wa neno ushamwingia, akapiga makofi: "Cucu! Cucu! Cucu!"

Na Watiri, aliyemwomba Mungu usiku na mchana mtoto aseme, alimziba mdomo kwa kiganja.