Vidonge Vilivyokuwa Vikipungua

Nilikitikisa kikopo sikioni, kikanijibu kwa sauti ndogo kuliko ya jana.

Kilikuwa kikopo cha mafuta ya kupaka, kimeoshwa kikakauka, na ndani yake mlikuwa na vidonge vya njano, vidogo, vyepesi. Safari hii nilikuwa nimekificha nyuma ya gunia la maharage. Kabla ya hapo kilikaa juu ya kabati, na kabla ya hapo ndani ya buti langu la kazini. Popote nilipokihamishia, mkono fulani ulikifuata. Hakuna aliyekiiba chote, na hilo ndilo lililonitoa akili. Vilipungua taratibu, kwa adabu, kana kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mwanamke mwingine anayemeza kimoja kila siku kama mimi.

Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Mvua ilikuwa imekatika na migomba ya Ihembe ilikuwa bado inadondosha maji. Pikipiki ya ofisi ilinisubiri. Nilitakiwa Rugu kuchanja ng'ombe. Nina diploma ya mifugo. Nimeshika madume yenye uzito wa kuvunja ukuta, nikayalaza chini. Asubuhi ile nilishindwa na kikopo.

Dada yangu Benadeta alimzaa Ainebyona kwetu Kyerwa, mwaka niliokuwa namaliza chuo. Mtoto alilia vizuri. Alikuwa na nywele nyingi na vidole vyote. Kisha mkunga akamgeuza, na chini ya mgongo tukaona uvimbe kama nyanya iliyomenywa, mbichi, unang'aa. Mgongo wazi. Alipasuliwa katika hospitali kubwa ya mbali, akapona. Lakini miguu yake haikuwahi kupata habari hizo. Ainebyona hujivuta kwa mikono, huimba kwaya nzima peke yake, na ana ulimi mkali kuliko wangu. Mama yake humbeba mgongoni kupanda na kushuka vilima, na kila mwaka vilima vinazidi kurefuka.

Benadeta hakuwa mzembe. Mimba ilipoonekana alikwenda kliniki, akapewa vidonge vyake, akavimeza mpaka cha mwisho. Ndiyo maana siku ile, kwenye korido ya wodi, alimuuliza muuguzi kwa hasira ya mtu aliyefuata kila alichoambiwa: "Nilikosa nini?"

Muuguzi alimjibu Benadeta, ila macho yake aliyaweka kwangu, mimi ambaye sikuwa nimeolewa.

"Hukukosa kitu, mama. Mgongo wa mtoto hujifunga mwezi ule wa kwanza. Kabla hujajua. Unapokuja kliniki umeshafungwa, au umeshabaki wazi. Hii foliki asidi, hivi vidonge vya njano, inatakiwa ikukute mtoto hajaja bado. Kila siku, kama kupiga mswaki."

"Mbona tunakula maharage?" nikasema. "Tunakula mboga za majani."

"Kuleni. Lakini hazitoshi. Unga wa kiwandani siku hizi unaongezewa hiyo kitu, ila nyie watu wa ndizi mnakula ugali lini?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Haiondoi hatari yote. Inaipunguza sana. Na wewe mdogo mtu, kwa kuwa ni damu moja, mwone daktari akupangie kiasi chako."

Kabla hujajua. Niliondoka na maneno hayo, nikalala nayo, nikaamka nayo. Ni neno gani hilo la kumwambia mwanamke? Mtu atajihadhari vipi na siku ambayo haitapiga hodi?

Nilianza kumeza kabla sijavishwa pete. Mchumba wangu Egbert, mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Meza." Ndivyo alivyo. Hutoa neno moja, nalo ni zuri, ila siku ukihitaji la pili hulipati.

Tulipooana tulikaa kwa mama yake, Adelgunda, mjane mwenye shingo ndefu na kibanja cha migomba kisichokuwa na jani kavu hata moja. Pamoja nasi alikuwepo wifi yangu Jovitha, asiyeweza kuona jambo likapita bila kulicheka. Kila asubuhi, baada ya shikamoo, Mama alifunua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia ikaanikwa. Kikapu kilizunguka, kila mtu akachukua yake. Ganda moja lina mbegu mbili. Ukimpenda mtu, unapasua na kugawana naye. Na kikapu kikikupita bila kusimama, umeshaambiwa kitu.

Kilianza kunipita mwezi wa Machi.

"Mugole," Mama aliniita. Ndiyo bibi harusi kwa Kinyambo, na aliendelea kuniita hivyo ingawa harusi ilikuwa imeshapoa. Mkononi alishika kikopo changu. "Hivi vya njano ni vya nini?"

"Ni vitamini, Mama."

"Vitamini. Kwani hapa unakula mawe?"

Jovitha alicheka ndani ya kikombe.

"Ni ya kumwandalia mtoto njia."

"Mtoto yupi? Mimi naona kidonge cha kila siku, na cha kila siku nakijua, kinaziba uzazi. Binti wa jirani alikuwa nacho, akakaa kwa mume wake kama mgeni aliyekuja kusalimia. Nyie wa Kyerwa mnadhani sisi tumezaliwa jana?" Akakiweka kikopo mezani, polepole, mahali ambapo wote tungekiona. "Sikunyang'anyi. Lakini kahawa ikishavunwa na tumbo liko hivyohivyo, nitawaita baba wadogo wa mumeo. Utarudi kwenu na vitamini zako."

Ningeweza kumtaja Ainebyona. Jina lilifika kwenye meno, likarudi. Kabla ya mahari, baba hao hao wadogo walikuja kuulizia ukoo wetu: kuna kifafa? kuna wendawazimu? Habari za migongo hawakuuliza. Na siku ya harusi Benadeta alimwacha mtoto kwa jirani bila kuombwa na mtu. "Wasije wakakuhesabia," aliniambia, huku akinifunga kilemba na kukaza kuliko ilivyohitajika.

Basi nikanyamaza, na vidonge vikaanza kupungua.

Niliwahi kutembea navyo. Mvua ya Rugu ikaniingilia kwenye begi, vyote vikawa uji wa njano chini ya bomba la sindano. Nikanunua vingine Kayanga, nikavirudisha nyumbani, nikaanza tena kuhamahama navyo vyumbani kama paka na watoto wake. Nilipokuwa kazini niliwaza kikopo. Nilipokuwa kanisani niliwaza kikopo. Kila mwezi uliopita bila dalili ulikuwa na vichwa viwili: kimoja kiliniambia baba wadogo wanakaribia, kingine kiliniambia afadhali, maana huenda vidonge vingeisha siku ileile ambayo sitaijua.

"Wifi," nilimvamia Jovitha jikoni, "unameza dawa zangu?"

"Mimi? Nizibe nini, wifi? Hata wa kunisalimia kwa macho sina!"

Nikamgeukia Egbert. "Zinapungua."

"Nunua zingine," akasema, akajifunika shuka.

Nilinunua. Zikapungua.

Julai ilifika, kahawa ikatandazwa kwenye majamvi mpaka mlangoni, ikawa huwezi kutoka bila kuikanyaga. Niliiona ikibadilika kutoka nyekundu kuwa kahawia, na tumbo langu likiwa vilevile. Ndipo asubuhi moja Mama akaniita nyuma ya nyumba. Mbuzi wake mmoja mweusi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna kamba.

"Mugole, wewe si umesomea mifugo? Njoo umshike huyu."

Nilichuchumaa. Nilipeleka viganja chini ya tumbo, mbele ya kiwele, nikapandisha kidogo na kusubiri. Kitu kigumu cha duara kikagonga vidole vyangu, kikakimbia.

"Ana mimba, Mama. Imevuka nusu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Usiniambie kwa sababu ya kunifurahisha."

"Mama, mbuzi huyu ana mimba. Huenda ni mapacha."

Alitafuta pa kukaa, akapata kinu kilichopinduliwa. Alifungua fundo la kanga yake. Ndani ya fundo, kimechafuka kidogo, mlikuwa na kidonge cha njano.

"Kila siku," akasema. "Ndani ya ndizi mbivu. Nilianza kumpa kabla sijampeleka kwa beberu. Nilisema, kama kinaziba, kitamziba na huyu."

Ufagio ulimponyoka Jovitha, aliyekuwa anafagia uwanja. "Mama! Mbuzi?"

"Ulitaka nimpe nani? Wewe?"

Diploma yangu yote ilinipanda kooni. Nilitaka kumwambia kuwa mbuzi mmoja si ushahidi, kuwa mbuzi si mtu, kuwa miezi yote hiyo alikuwa anamlisha mnyama migongo ya wajukuu zake. Nilikuwa nimesimama, mikono inanuka mbuzi. Nilifungua mdomo kwa ajili ya hayo, likatoka jingine.

"Dada yangu Benadeta ana mtoto hatembei."

Nikamweleza. Nyanya iliyomenywa, hospitali, korido, mwezi wa kwanza. Nilisema haraka, bila kupanga, kama mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayovuja. Jovitha hakucheka. Mama alikirudisha kidonge kwenye fundo la kanga, akalikaza.

"Siku ya harusi, huyo mtoto alikuwa wapi?"

"Kwa jirani."

"Kwa ajili yetu."

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi tukala pilau," akasema.

Mbuzi alikata kamba, akaenda zake kwenye maganda ya ndizi. Hakuna aliyemfuata.

"Ungesema," akasema tena, baadaye.

"Mngenirudisha."

Hakukataa, namheshimu kwa hilo hadi leo. "Baba zake wadogo, wangekurudisha," akasema. "Wale hawawezi hata kumjaribu mbuzi."

Kesho yake kikapu kilisimama mbele yangu. Nilipokifunua, juu ya kahawa kilikaa kikopo changu.

"Kikae humo," Mama akasema. "Kahawa hii sijawahi kuisahau tangu nimeolewa, hata siku ya kumzika baba yenu. Humo hakitasahaulika." Akamwonyesha Jovitha kwa kidevu. "Na huyu apewe."

"Mimi! Mimi sina mume, Mama."

"Na mbuzi alikuwa na mume?"

Jovitha alinyoosha mkono kwenye kikopo. Nilimwambia kiasi changu si chake, tungekwenda wote zahanati apewe cha kwake.

"Nendeni," Mama akasema. "Na Jumapili mlete huyo mtoto wa dada yako. Kikapu hiki hakijamfikia."

Alipasua ganda. Mbegu moja aliitia mdomoni, moja akanipa. Nilimeza kidonge changu, nikatafuna kahawa juu yake, nikapiga pikipiki teke, maana nilikuwa nimechelewa kazini Igurwa.

Kliniki, walipokuja kuhesabu mimba yangu kurudi nyuma, juma la mgongo kujifunga liliangukia juma lile. Kwa hiyo tulikuwa wawili juu ya pikipiki. Nilipokuwa nakwepa mashimo na kuwapigia honi mbuzi wa watu, mgongo mwembamba kama uzi ulikuwa unajifunga, na mimi sina habari. Njia nzima nilikuwa nawaza dawa ya kupe.