Idadi ya Watu: Hakuna

Jumatatu asubuhi karani wa orodha aliweka kikombe chake cha chai kwenye dirisha, kwa sababu mezani palijaa ramani, akafungua fomu ya kwanza ya wiki. Kampuni yake iliwapeleka wasafiri mahali ambapo wasafiri wengine hawajafika. Wateja wake walikuwa watu waliochoka kukutana na watu wa aina yao. Walishapanga foleni kutazama maporomoko ya maji, walishapigana viwiko wakigombea kupiga picha ya mnara, na sasa walitaka pahali pa kuwa peke yao, mradi maji ya moto yawepo.

Fomu ilikuwa na mistari sita: jina la mahali, njia ya kufika, mandhari, malazi, hali ya hewa, na idadi ya watu. Huo wa mwisho ndio uliouza. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kimya kwa kuwa hakunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni, alikuwa na sheria moja tu: penye watu hapaingii kwenye orodha.

"Na wenyeji?" karani aliwahi kuuliza, wiki yake ya kwanza.

"Wenyeji siyo watu, ni mandhari," alisema meneja. "Andika hakuna."

Karani alishaandika hakuna mara thelathini na moja, na usingizi wake ulikuwa mzuri tu. Fomu ya thelathini na mbili ilikuwa ya kwa shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Aliishi kwenye mji mdogo juu ya mlima, mwendo wa siku nzima, na nyumba yake ya wageni yenye vyumba vinne ilikuwa na miaka miwili haijapata mgeni zaidi ya popo. Aliomba msaada mara moja, kwa namna yake: "Unawatangaza watu wote. Sisi tumekukosea nini?" Basi karani akajaza fomu. Alipofika mstari wa mwisho akawafikiria watu wa mji ule, mia mbili na kumi na nne, ambao nusu yao walishamchapa utotoni, wengine kwa haki kabisa. Akaandika: hakuna.

Orodha ilitoka Ijumaa. Wiki iliyofuata shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, wageni wamefika. Sita."

"Hongera, shangazi!"

"Asante. Ila hawanioni."

"Wana dharau?"

"Dharau naijua, siyo hii. Nimesimama mlangoni nimkaribishe mmoja, akanitundikia kofia."

Ilikuwa hivyo kwa mji mzima. Wenyewe kwa wenyewe walionana kama kawaida na kugombana kama kawaida, lakini mtu wa nje hakuwaona wala kuwasikia. Isipokuwa kwenye simu, maana simu haisomi orodha. Wageni walikuta vitanda vimetandikwa na chai ikitoa mvuke, wakaandika kwenye ukurasa wa maoni kwamba mahali pale panajiendesha penyewe.

Shangazi hakulalamika. Alisema mgeni asiyekuona hakuombi taulo la pili. Shida ilikuwa macho. Mtoto wa jicho alimshika kote kulia na kushoto, na baada ya kungoja miezi kumi na minne, siku yake ya kupasuliwa ilifika. Aliteremka hospitali ya bondeni, akakaa benchi la mbele. Muuguzi alimwita mara tatu. Aliitika mara tatu, ya mwisho karibu kabisa na sikio. Muuguzi akaandika: hakufika.

Shangazi akatoka nje, akapiga simu mapokezi.

"Nipo hapo kwenu, benchi la mbele."

"Hapo hakuna mtu, mama."

"Basi mnipasue hivyohivyo."

"Tunakusikia vizuri, mama, ila daktari hapasui simu."

Walimpangia Alhamisi ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo daktari wa macho angehamishwa, na hakuna aliyejua kama ataletwa mwingine.

Jumamosi karani alipanda mlima. Alikaa jikoni kwa shangazi, akatazama birika likiinuka na kummiminia chai, kisha simu yake ikalia.

"Umekonda," alisema shangazi.

"Uko wapi?"

"Mbele yako. Unakula nini huko, karatasi?"

Karani akahisi mkono kichwani, ukikagua nywele. 

"Mwanangu, uliandika nini?"

Akamwambia.

"Na mimi nikiwemo?"

"Ukiwemo."

Birika likarudi juu ya jiko, likatua polepole.

"Haya. Rudi ukanihesabu."

Meneja hakushangaa alipoelezwa. Alisema jambo hilo lilianza tangu fomu ya kwanza, na ndiyo maana ofisi haikuweka simu mapokezi. "Mahali thelathini na mbili," alisema, akitafuna. "Nikirudisha watu wa shangazi yako, nitawaambia nini wa mahali pengine?"

Jumatano jioni, wenzake walipoondoka, karani alifungua fomu ya thelathini na mbili, akafuta hakuna, akaandika 214. Zile nyingine thelathini na moja hakuzigusa.

Alhamisi asubuhi muuguzi alimwona shangazi, tena akamkaripia kwa kuweka mkoba njiani. Daktari, kwa vile anahama, alikubali kufanya macho yote siku moja: la kulia asubuhi, la kushoto baada ya chakula cha mchana. La kulia lilikwenda vizuri.

Saa nne wateja walianza kufuta safari. Walikuwa wameuona mstari wa mwisho. Mmoja aliandika kwamba angetaka watu mia mbili na kumi na nne angebaki kwao. Saa saba meneja alifungua fomu hiyo, akaandika hakuna kwa kidole kimoja, akaifunga isibadilishwe tena. Saa saba na nusu daktari aligeuka kuchukua glavu. Alipogeuka tena, kitanda kilikuwa kitupu. Akaandika kwamba mgonjwa ametoroka, akanawa mikono, na kesho yake akahama.

Karani hakufukuzwa. Meneja alisema mwandiko wake unavutia wateja.

"La kulia linaona mpaka chunusi," shangazi alimwambia kwenye simu. "Zamani nilidhani wageni wananitabasamia nikipita. Kumbe wanalitabasamia dirisha nyuma yangu."

Wiki hiyo maoni mapya yaliingia: mahali ni patulivu mno, na kiti cha kibarazani kina joto lake lenyewe. Meneja aliyapenda, akaagiza yaingizwe kwenye mstari wa malazi. Karani aliandika: viti vina joto. Kisha akampigia shangazi.

"Sema haraka," shangazi alinong'ona, ingawa hakukuwa na haja. "Kuna mtu amenikalia."

"Msukume!"

"Nilimsukuma jana. Alisema upepo, akarudi na mto."

"Sasa utafanyaje?"

"Ana kitabu. Zimebaki kurasa kama ishirini, naziona. Ngoja amalize."