Nusu Yangu, Nusu ya Dada

Chai ya Wembe ilikuwa chungu, na nilimwambia bila kumung'unya maneno.

"Utu uzima wote huo hujui kupika chai? Umetia majani au magome?"

"Kunywa, dada. Ukinung'unika ndiyo inazidi uchungu."

Mdogo wangu hakosi jibu, ndiyo maana tangu utotoni tunamwita Wembe. Kabla ya kuugua, kuamka mapema ampikie mtu chai lilikuwa jambo la kuota tu. Lakini alipoanza matibabu ya saratani ya tezi nilimpiga marufuku kushika pasi na kuinua ndoo, akabaki kuzunguka dukani kama mgeni. Akaomba apewe walau kazi ya chai, nami nikamwachia. Chungu hivyohivyo, nikawa nainywa.

Sisi ni madobi. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba tuliyoachiwa na mama: meza ya pasi, beseni la wanga, waya wa kutundikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Shati jeupe halimrudii mwenyewe kabla halijapelekwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya ndani inaficha umanjano. Mama ndiye aliyetufundisha hilo. Ndiye pia aliyetufundisha kugawana: kila kitu nusu kwa nusu, iwe chungwa au kipande cha sabuni, na mmoja akikata, mwenzake ndiye anachagua. Kwa sheria hiyo hatukuwahi kugombana.

Mama aliondoka kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa na virusi vya homa ya ini, na sisi wote wawili tulizaliwa navyo, yeye mwenyewe akiwa bado hajajua. Virusi hivyo vinaweza kulala ndani ya mtu miaka nenda miaka rudi. Vyangu vimelala, kila nikienda kupimwa naambiwa dawa sihitaji, nirudi tena mwaka ujao. Vya Wembe navyo vilikuwa vimelala, mpaka tezi zilipomvimba shingoni.

Kabla ya dripu ya kwanza, daktari wa saratani, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alitukalisha akatueleza. "Dawa hizi zinapiga saratani, lakini zinaangusha na kinga ya mwili. Virusi vikiona hakuna mlinzi, vinaamka. Kwa hiyo kila siku utameza kidonge hiki cha kuvizuia. Usiruke hata siku moja."

Dripu zilimpukutisha nywele zote. Mdomo ukamjaa vidonda, hata maji yakawa yanamchoma. Lakini uvimbe wa shingoni ulinywea, mimi mwenyewe niliupapasa nikakuta haupo, na kwa mara ya kwanza nikalala usingizi wa kueleweka.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni nimeinua shati la mteja kwenye mwanga. Lilikuwa jeupe pe. Wembe akaja kusimama kando ya shati hilo na kikombe changu mkononi, nikamgeukia kukipokea, na pale karibu na lile shati nikayaona macho yake. Yalikuwa ya manjano. Nikatamani doa liwe la shati.

"Mkojo wako ukoje?" nikamuuliza.

"Jamani, hata salamu?"

"Nijibu!"

"Mweusi mweusi hivi. Nilidhani ni dripu."

Nilifunga duka na nguo za watu zikiwa hazijapigwa pasi. Hospitali wakamtoa damu, tukangoja kwenye benchi, naye akaniegemea bega bila utani wowote. Daktari alipotuita hakukaa.

"Ini limewaka," alisema. "Virusi vimejaa kwenye damu. Kidonge unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Nikadakia. "Mimi shahidi, daktari. Kila asubuhi namsikia na kopo lake jikoni."

"Unameza kizima?"

Wembe akanyamaza. Sijawahi kumwona akikosa jibu.

"Nusu," alisema mwishowe, akiangalia sakafu. "Nusu yangu, nusu ya dada."

"Dada yupi?" niliuliza, kana kwamba tuna wengine.

"Ninaisaga. Natia kwenye chai yako."

Nilimfokea mbele ya daktari na nesi, sioni aibu kulisema. Nilimwita mwehu, nilimwita muuaji wa nafsi yake. Aliningoja nihemewe.

"Mama naye aliambiwa dawa hahitaji, arudi mwaka ujao," akasema. "Mimi saratani itanimaliza tu. Nilitaka wewe ubaki na ini."

Hasira zote zikaniishia, nikakaa.

Daktari akavuta kiti. Alituambia nusu kidonge haikutosha kuvibana virusi, na kila kinga ya Wembe ilipojaribu kuinuka kati ya dripu na dripu, ilivikuta vimejaa ndani ya ini, ikawa inavipiga na kulipiga ini lenyewe. Sasa atalazwa, atameza kizima, na dripu za saratani zitasimama mpaka ini litulie. Likikataa kutulia, je? Hakunificha: linaweza kumuua kabla ya saratani. Nami nilipimwa, virusi vyangu vilikuwa vimelala vilevile. Kidonge sikukihitaji, sema kwa kuwa nimekionja nitafuatiliwa kwa muda. Nusu zote alizojinyima Wembe ziliingia tumboni mwangu bure.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta wodini amekaa kitandani, ngozi yake imegeuka rangi hata kwa taa ya ndani. Nilimfunga kitambaa vizuri kichwani, na vidole vyangu vikapita shingoni. Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama harage. Tulitazamana. Alikuwa ameshakigundua kabla yangu.

Nesi akaleta kidonge, akakiweka kiganjani mwake na kwenda kitanda cha pili. Wembe alikikodolea macho, hakukipeleka mdomoni.

"Wewe je, dada? Vyako vikiamka?"

"Mama alisemaje? Mmoja akikata?"

Akakigeuza kidonge kiganjani.

"Nakuuliza, mmoja akikata?"

"Mwenzake anachagua," akasema kwa sauti ya mtoto.

"Wewe ulikata, na kuchagua ukachagua wewe. Mimi hukuniuliza."

Nikamkunja vidole juu ya kidonge chake, nikamshikia kikombe cha maji.

"Zamu yangu ya kuchagua bado ipo," nikamwambia. "Nakuchagua wewe. Meza."