Vipimo vya Siku Tatu

Biubwa alikuwa akiomba presha ya mumewe ipande. Alisimama kando ya mlango, maana chumba kilikuwa na viti viwili tu, akautazama ule mkanda wa kupimia ukivimba kwenye mkono wa Vuyani. Midomo ya Biubwa ilikuwa ikicheza kwa dua. Aliona haya mbele ya Mungu, lakini hakuacha kuomba.

Mwaka uliopita, 2016, bodi hii hii ya pensheni za wapiganaji wa zamani ilimpima Vuyani ikakuta presha imetulia, kwa kuwa hakuwa akikosa kidonge hata siku moja. Wakaandika: presha imedhibitiwa, hastahili pensheni ya ulemavu. Mwezi huohuo kampuni ya ulinzi ilikuwa imemwachisha kazi ya getini kule mtaani Hillbrow, kwa sababu presha ilimwangusha mara mbili akiwa zamu. Mlango mmoja ulimwona mgonjwa mno, mlango wa pili mzima mno. Mtu aliyemaliza ujana wake Morogoro, kambini, akipigania uhuru wa nchi hii, na aliyemwoa Biubwa hukohuko, leo nchi yenyewe inampiga danadana!

Marcelline, msusi wa Kikongo, jirani yao pale Bertrams, ndiye aliyempa Biubwa ujanja.

"Mama Mayasa, usimupatie ile dawa siku tatu mbele ya kipimo. Hawa watu wanaangaliaka namba tu, hawaangaliake mutu."

"Na akianguka?"

"Ataanguka mbele ya docteur. Unataka aangukie wapi?"

Vuyani asingekubali kamwe, Biubwa alilijua hilo. Yule bwana hata foleni ya mkate haruki. Basi vidonge vya presha akavificha ndani ya pipa la mchele, akawa anampa vitamini, vidogo vyeupe vilevile, naye akimeza bila kuuliza. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia.

"Mia mbili na kumi, chini mia na ishirini na nne," daktari akasoma. "Dawa unakunywa?"

"Kila asubuhi," Vuyani akajibu. "Mke wangu ndiye ananipa."

Daktari akamgeukia Biubwa. "Kweli?"

"Kweli, daktari."

Akapiga miayo, akaandika kwa kalamu ya dhahabu. "Hicho cha kwanza. Presha ikiwa juu, utaratibu unataka vipimo vitatu, siku tatu tofauti. Mrudi kesho na keshokutwa, saa mbili asubuhi."

Biubwa hakuwa ameambiwa habari ya siku tatu. "Kwa namba hiyo, si apelekwe hospitali leo?"

"Mpeleke. Wakiishusha, tunaanza upya mwakani. Mimi simtibu, mama. Mimi nampima."

Alimchukia mtu yule, na miayo yake, na kalamu yake ya dhahabu. Alijichukia mwenyewe zaidi.

Nyumbani Vuyani alijilaza na kitambaa chenye maji usoni. "Mama Mayasa, safari hii dawa haifanyi kazi. Kichwa kinapasuka."

"Vumilia, Baba Mayasa. Siku mbili tu."

Alikwenda jikoni, akaingiza mkono kwenye mchele mpaka akazigusa paketi. Akautoa mkono mtupu.

Siku ya pili mashine ilisoma mia mbili na kumi na nane. Daktari aliandika, akaita anayefuata.

Siku ya tatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido wakingoja kuitwa, Vuyani akaanza kumwambia mkewe jambo na maneno yakamtoka mazito, hayaeleweki. Mdomo ukaenda upande. Akateleza polepole hadi sakafuni.

"Msaidieni!" Biubwa alipiga kelele.

"Eish, mama," karani wa mapokezi akasema, akiinua simu. Aliita ambulensi, kisha akamwita daktari.

Daktari alitoka na mashine yake mkononi. Biubwa akamshika koti. "Hajanywa dawa! Mimi nilimnyima, siku sita leo! Mimi!"

"Hilo sijalisikia," daktari akasema, akijinasua. "Nikilisikia, nafuta vipimo vyote viwili." Akatazama saa yake. "Ambulensi inatoka mbali. Unakitaka cha tatu au hukitaki?"

Biubwa alimtazama mumewe. Jicho moja lilikuwa likimtazama yeye, la pili halitazami popote.

"Mpime," akasema.

"Siwezi kumpima chini. Kipimo cha mtu aliyelala bodi haikipokei. Lazima awe amekaa."

Karani akasogeza kiti. Biubwa akapitisha mikono kwapani mwa mumewe, akamvuta, akamkalisha. Mguu wa kulia uliteleza, akaurudisha kwa mguu wake mwenyewe. Kichwa kikadondoka, akakiegemeza tumboni mwake, akakishika kwa viganja vyote viwili, wima, huku mate yakimlowesha vidole.

"Hivyohivyo," daktari akasema, akafunga mkanda. "Usimtikise."