Begi Chini ya Benchi

Tangu bomu lilipolipuka kwenye dirisha la tiketi pale stendi, serikali iliweka askari na mbwa kila mlango, na kipaza sauti hakikupumzika: mzigo usio na mwenyewe utateketezwa.

Fundi saa alirudi na chupa ya maji akakuta benchi lake limezungushiwa kamba na abiria wamesukumwa nyuma. Chupa ikamponyoka.

"Afande, begi lile ni langu," alisema. "Ni nguo za mke wangu tu, nampelekea mama mkwe."

"Mzee, matangazo huyasikii? Nusura tulilipue."

"Sisi roho zilishatutoka," mama mmoja akadakia. "Mimi hata kiatu kimoja sijui kiko wapi."

Askari hakucheka. "Ulipoondoka ulimwachia nani?"

"Mke wangu."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Miaka yote mama watoto ndiye aliyelinda mizigo, yeye akienda kununua maji.

"Yuko wapi huyo mkeo?"

Fundi alitazama dirisha la tiketi, kwenye ukuta mpya ambao haujapakwa rangi. Askari naye akageuka, akautazama ukuta.

Mbwa alilinusa begi, akalipita. Askari akalileta mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Usilitue tena, baba," alisema polepole.

Fundi akaketi, akalipakata. Chupa yake ilikuwa imeviringika hadi chini ya benchi la mbele. Kipaza sauti kikaanza upya. Alibaki na kiu yake, hakuinuka.