Kumpeleka Mughwai kwa Mama Yake

"Panda, mama. Na mtoto," rubani alisema, akionyesha mizani ya magunia.

Dorkas akapanda na Mughwai mgongoni. Rubani akasoma, akaandika. Maisha yake yote Dorkas alikuwa hajawahi kupimwa kama mahindi, yeye ambaye kazi yake ni kupakia wengine. Miaka kumi na miwili alikuwa akinunua kuku Mtinko, akiwapanga kwenye matenga na kuwapandisha mabasi ya Dar es Salaam. Tangu serikali iwaachie watu biashara, kila mtu aligeuka mfanyabiashara, ila kuku wa Dorkas ndio waliofika hai.

Nafasi alipewa na Sista Redempta wa zahanati. Ndege hiyo ndogo ilikuwa imeleta dawa na ilikuwa inarudi Dar tupu. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimezoa reli na kukata barabara, mabasi yanalala porini siku nne, tano. Na siku zenyewe hazikuwapo. Binti yake, Winfrida, aliyemwachia mtoto akiwa na miezi minne akaenda kutafuta maisha Dar, alikuwa sasa amepata kazi kwenye kampuni ya mtu binafsi, amepata na chumba, na alikuwa amepewa likizo ya wiki mbili ili mwanawe amzoee. Siku tano zilikuwa zimeshapita. Mtoto asipomzoea kwa hizo zilizobaki, basi tena, atarudi Mtinko.

"Mama Winfrida, sikiliza," Sista alimwambia. "Ndege ikipanda, mpe chupa. Ikishuka, mpe chupa. Akiwa anameza, masikio hayamuumi. Na humo ndani hakuna kubeba mgongoni. Mkanda unajifunga wewe, yeye unampakata."

"Nimesikia, Sista."

Alisikia, lakini alisikia kwa masikio ya mtu wa kuku. Kuku wa safari halishwi. Akipanda gari ameshiba, anashushwa maiti. Kwa hiyo asubuhi ile Dorkas alimnyima mtoto uji, akampa maji tu, na chupa ya maziwa akaichimbia chini kabisa ya tenga la mizigo yake, anywe wakifika. Tenga rubani alilisukuma mkiani mwa ndege, akalifunga kwa wavu.

Abiria mwingine alikuwa Bwana Gasto, bwana mifugo wa makamo kutoka Mungaa. Ndege ilipoiacha ardhi alifumba macho akasali. Alipoyafumbua, Mughwai alikuwa anapiga kelele kuliko injini, anajishika masikio, uso umevimba kwa kilio.

"Mpe chupa, mama!" rubani alipaza sauti bila kugeuka.

"Iko huko nyuma!"

"Usifungue mkanda!"

Dorkas alijilaani. Akamtikisa, akampuliza usoni, akamwimbia Kinyaturu. Wapi. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, nacho alikuwa ameahidi kutokifanya.

Ziwa lake lilikuwa kavu miaka mingi, lakini mtoto huyu alikuwa amelilalia kila siku, kama wajukuu wanavyolalia maziwa ya bibi zao. Winfrida alikuwa ameandika: Mama, mwachishe hilo, la sivyo hatanikubali. Dorkas akapaka mwarobaini wiki mbili nzima, mtoto akalia, na yeye akalia. Leo hakuwa amepaka.

"Mpe tu, mama," alisema Bwana Gasto. "Mimi naangalia mawingu."

Akageukia dirisha, akayaangalia mawingu kwa bidii kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Dorkas akampa. Mughwai akanyonya hewa na mate yake mwenyewe, akameza, akameza tena, akanyamaza. Mkono wake ukapanda ukamshika bibi yake kidevu. Dorkas alifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu.

"Umenishinda, mume wangu," alimnong'oneza. Ndivyo alivyomwita, kwa kuwa ni mjukuu, na kwa kuwa alirithi jina la marehemu babu yake.

Dar, Winfrida alikuwa anawasubiri nje ya jengo la uwanja wa ndege, kavaa gauni jipya, mkononi gari la plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Winfrida akanyoosha mikono. Mughwai akamtazama, akatazama gari, kisha akazika uso shingoni kwa bibi na kuangua kilio. Winfrida akajaribu tena. Mtoto akampiga teke. Watu wakageuka.

"Hanijui, mama." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Labda urudi naye tu."

Maneno hayo Dorkas alikuwa ameyaombea njia nzima. Angejibu "haya," angekuwa na mume wake tena.

"Kaa chini," akasema.

Winfrida akakaa kwenye benchi. Dorkas akafungua kitenge chake, kile kinachonuka moshi, uji na manyoya, akamfunika nacho binti yake kichwa hadi kifua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimzoesha tetea vifaranga wasio wake, gizani, wasionane kwanza. Akamsukumia Mughwai humo ndani, akarudi nyuma hatua tatu. Hakusema neno, maana sauti yake ingemwita mtoto.

Kitenge kilipigana. Mguu mdogo ukatoka, ukarudi. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi zikaachana, kisha kukawa kimya. Kutoka ndani Winfrida alinong'ona, "Mama, amenishika kidevu."

Walisimama kwenda kutafuta teksi, Winfrida mbele na mzigo wake chini ya kitenge, Dorkas nyuma. Kwenye ngazi binti akageuka.

"Mama, mbona unatembea umeinama? Mgongo unauma?"

Dorkas hakuwa anajua kwamba ameinama, wala kwamba mikono yake miwili iko nyuma, imeshikana chini ya mgongo, inainua mzigo usiokuwapo.

"Dari la ile ndege lilikuwa fupi, mwanangu," akasema. "Twende."