Plagi Moja ya Zenon

Theluji ilirudi Aprili, wakati watu walikuwa wameshayafungia stoo majembe ya kuizolea, na tangu irudi Stefania Prystupa alikuwa analala kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha kukunja ambacho mumewe Zenon alizoea kukalia akivua samaki kwenye tundu la barafu. Sasa kilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kitalu cha vioo, kando ya meza ya miche. Kulala kwenyewe hakukuwa kulala. Alisinzia tu na koti lake, sikio likisubiri relei.

Ukutani Zenon alikuwa ametundika sanduku la plastiki lenye kioo kidogo cha kuonyesha joto. Ndani yake mlikuwa na bodi ndogo, upana wake kama kadi ya benki, ambayo ndiyo iliyokuwa ubongo wa kitalu. Chini yake kulikuwa na bodi nyingine yenye relei nne, vijiboksi vya buluu, kila kimoja swichi inayojifunga yenyewe ikiamriwa. Hewa ikipoa, ubongo unaamuru, relei inalia tak, hita inawaka. Tak, feni inasambaza joto. Tak, mkeka wa joto chini ya miche ya mbele. Tak, mkeka wa nyuma.

Na hapo kwenye tak ya mwisho ndipo palipokuwa na taabu. Relei zote nne zilikula umeme wa ubongo. Zikijifunga pamoja, umeme ulididimia, kioo kikazimika, relei zote zikaachia, na ubongo ukaanza upya kama mtu aliyezinduka asijue yuko wapi. Ukasoma baridi, ukaamuru, ukazimika tena. Mara nyingine uliganda kabisa hita ikiwa imezimwa, na vioo vikaanza kuota barafu kwa ndani. Stefania alikuwa akiinuka hapo, anachomoa plagi, anangoja kidogo, anaichomeka, anarudi kwenye kiti. Magoti yake yalikuwa yameijua safari ile kuliko ya kanisani.

Miche ilikuwa ya nyanya. Mbegu zake alizileta mama yake Zenon ndani ya pindo la sketi alipotoka Ukraine, nyanya za rangi ya waridi zenye umbo la moyo wa ng'ombe, na tangu hapo kila mwaka zilivunwa na kupandwa tena. Msimu uliopita mvua iliharibu nyingi. Zilizobaki, panya waliingia kwenye kopo baada ya mazishi ya Zenon, wakati hakuna mtu aliyekuwa anaangalia makopo. Stefania alipanda zote zilizosalia. Hakukuwa na nyingine popote. Miche ile ikifa, basi.

Asubuhi hiyo safu nzima ya mbele ilikuwa imelala chini, mashina yamelegea kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Alisinzia kidogo tu alfajiri, na ubongo ukaganda.

Simu ikalia. Alikuwa Halyna, binti yao, akipiga kutoka Winnipeg.

"Mama, umelala?"

"Nimelala."

"Wapi?"

Stefania akakisogeza kiti kwa mguu.

"Mama, jamani. Ni nyanya! Dukani zimejaa."

"Za bibi yako hazipo dukani."

"Baba mwenyewe angekwambia ukalale."

"Baba yako angeniambia nichemshe chai kwanza, halafu nikalale. Usinifundishe baba yako."

Halyna alicheka kidogo. "Nakuja barabara ikifunguliwa," alisema. Lakini barabara ilikuwa imefungwa hadi Dauphin, na redio ilisema upepo bado.

Dawa ya ugonjwa ule wa sanduku Stefania aliijua. Aliijua tangu vuli iliyopita, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kukesha. Mikono ya Zenon ilikuwa imeanza kutetemeka, hivyo yeye alitunga na kuelekeza, na Stefania ndiye aliyeshika kichomeo na kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Kila kiungo ndani ya lile sanduku kilikuwa cha mkono wake. Zenon alipoongeza relei ya nne, Stefania alimwambia, "Hizi zinataka umeme wake zenyewe. Unamtwika mtoto gunia la viazi."

"Plagi moja, Stefa," alijibu Zenon. Alikuwa mtoto ghala la baba yake lilipoungua kwa sababu ya plagi zilizorundikwa juu ya plagi, na tangu hapo kila alichounda kilikuwa na plagi moja, sharti. "Nyumba hii inakula sahani moja."

"Basi itakufa njaa."

"Utaona wakati wa baridi."

"Wewe ndiye utakayeona."

Walibishana hivyo wakila supu ya borshi, wakabishana wakiosha vyombo, hawakukasirikiana hata kidogo. Ulikuwa ubishi mtamu. Novemba moyo wa Zenon ukasimama akiwa anafunga buti mlangoni. Baridi ilipokuja, aliyeona ni Stefania peke yake, na hakupata ladha yoyote kwenye ushindi ule.

Mchana gari la kusukuma theluji liliingia uani. Lorne Guilbert alishuka na sufuria iliyofungwa taulo. Yeye na Zenon walikuwa wakikutana kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa, wazee wengine watano na masanduku yao ya nyaya, wakitengeneza saa za kulisha kuku na kengele za kutangaza barua.

"Shemeji," alisema akipangusa miwani iliyofunga ukungu. "Nilidhani nimeingia kwa mbuzi. Unanuka mbolea."

"Na wewe unanuka dizeli. Funga mlango, unaniulia watoto."

"Mke wangu kakuletea supu ya mbaazi. Kasema nisipomrudishia sufuria tupu, nisirudi nyumbani."

"Atapumzika, maskini."

Lorne alicheka, akatazama safu iliyolala, akaacha kucheka. Akaenda kwenye sanduku, akafungua kifuniko. Waya mpya ulikuwa umeingia kwa chini, mwekundu na mweusi, ukitoka kwenye adapta ya simu kuukuu iliyokuwa imechomekwa ukutani kando ya ile ya Zenon.

"Ala! Umeziwekea relei umeme wake."

"Juzi."

"Na bado inazimika?"

"Mbaya zaidi. Inaganda, halafu inachemka."

Lorne akainama, miwani yake ikakaribia kugusa bodi. Pembeni mwa bodi ya relei kulikuwa na kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimevishwa juu ya pini mbili. Ndani yake mna kipande cha chuma, na kazi yake ni moja tu: kuunganisha umeme wa relei na umeme wa ubongo.

"Shemeji, kikofia bado kipo."

"Naona."

"Sasa umeleta adapta ya pili, lakini bado umezifunga pamoja. Zinasukumana. Ni kosa la kila mtu, usijali, hata mimi niliunguza..."

"Lorne. Naona kipo. Nilikiona juzi."

Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ndani ya mikono ya koti. Lorne aliangalia tena. Juu ya kikofia kulikuwa na tone la gundi ya moto, kubwa kupita haja. Zenon alibandika gundi kila mahali ili kitu kisichomoke, na hakuwa na subira ya kungoja ipoe. Aliikandamiza kwa kidole gumba, akaungua, akalalamika, na kesho yake akafanya vilevile. Ndani ya tone lile mistari ya kidole chake ilikuwa imebaki, imekolea, hata kovu dogo la msumeno lilionekana.

Lorne alinyanyuka polepole. Alivua kofia yake ya manyoya, akaivaa tena.

"Ninayo bodi nyingine nyumbani," alisema. "Mpya. Hii tuitungue uiweke vizuri."

"Barabara?"

"Nimekuja, nitarudi."

Upepo ulipiga vioo. Juu ya sanduku kioo kidogo kilionyesha joto likishuka. Tak, tak, tak. Tak. Giza. Kisha mwanga tena, ukianza upya.

"Ukienda na kurudi safu ya pili itakuwa imekwisha," alisema Stefania. "Nami nimechoka, Lorne. Nimechoka hadi meno."

Alichomoa plagi zote mbili. Alivaa miwani ya kusomea, akachukua bisibisi ndogo. Kwanza alifungua waya mweusi wa zamani uliofunga bodi mbili pamoja, maana nao haukuwa na kazi tena. Kisha akaweka ukucha chini ya gundi.

Aliomba moyoni itoke nzima. Haikutoka nzima. Ilikuwa imekauka kwa baridi, ikakatika vipande, kimoja kikaruka kwenye udongo wa miche, kingine kikabaki kwenye ukucha wake. Cha mwisho kilikuwa na mistari miwili mitatu tu, isingeweza kusema ni ya nani.

"Ulikuwa mbishi," alisema, na Lorne alijua hakuwa anaambiwa yeye. "Nilikwambia. Sikutaka kukwambia tena, lakini nilikwambia."

Akakivuta kikofia. Kilitoka kwa urahisi wa kuudhi.

Lorne akakohoa. "Sasa pande mbili hazigusani kabisa. Humo ndani kuna kijitaa tu. Ubongo unakiwasha huku, jicho linakiona kule. Waya haugusi waya."

"Unamfundisha nani? Zenon alinisomesha hayo kila Jumapili, perohi zangu za viazi zikiniungulia jikoni."

"Haya, mwalimu. Nipe hicho kikofia nikutunzie, kisipotee."

Stefania alikishika kwenye kiganja. Kisha akafanya kama alivyofanya Zenon siku zote kwa kikofia kisichotumika: akakirudisha kwenye bodi, akakivika juu ya pini moja tu, ya pili ikabaki wazi kando yake. Kikaning'inia pale, hakiunganishi kitu.

"Huo ndio mtindo wake," alisema Lorne.

"Ndiyo."

Akachomeka plagi ya kwanza, kioo kikawaka. Akachomeka ya pili. Ubongo ukasoma baridi. Tak, na hita ikaanza kunguruma. Tak, feni. Tak. Stefania akafumba macho.

Tak.

Alipofumbua, kioo kilikuwa bado kinawaka. Walisimama wakikitazama kama watu wanaotazama chungu kianze kuchemka. Barafu ya ndani ya vioo ilianza kulegea, ikadondoka matone juu ya meza. Lorne akainyanyua miche ya safu ya mbele mmoja mmoja kwa kidole. Mingi ilianguka tena. Michache haikuanguka.

"Hii labda," alisema. "Safu zile nyingine ni nzima. Zitatosha mbegu, shemeji."

"Zitatosha."

"Nenda kitandani. Mimi nitakaa mpaka tak nyingine ije na kwenda. Nina supu."

"Supu ni yangu."

"Nitakuachia nusu."

Stefania akafunga vifungo vya koti. Akapita uani theluji ikimfika kwenye vifundo, akavua buti mlangoni, mahali palepale, akaziweka kando ya buti za Zenon ambazo hakuna aliyezisogeza. Hakuchemsha chai. Alijilaza juu ya kitanda na koti lake, upande wake, mchana kweupe, sikio bado limetegwa kwa mazoea. Kutoka chumbani relei hazisikiki. Alizisikiliza kidogo hivyo hivyo, kisha akalala.